Injini inapiga tik-tik: oili nzito, dawa ya kumimina, kuseti tapeti au injini nyingine?

Sauti ya tik-tik-tik kwenye injini ya gari la zamani ikianza, washauri hawakosekani. Dereva mwenzako atakwambia weka oili nzito. Muuza spea atakutolea kopo la dawa. Fundi mmoja atataka kufungua tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, na mwingine atasema injini imechoka, kuna injini safi zimeshuka kutoka Japani, ununue moja yaishe. Kila mmoja ana mfano wa gari lililonyamaza baada ya kufanya anachokisema. Ugumu wa kuchagua uko hapo: wote wanaweza kuwa wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia sauti ya namna yake.

Ninazilinganisha njia hizi kwa injini mbili ambazo kila gereji ya Dar es Salaam inazifahamu: 5A-FE ya Corolla 110, yenye ujazo wa cc 1498 na mkanda wa taimingi, na 1NZ-FE ya IST, Probox, RunX na Premio ndogo, yenye cc 1497, cheni ya taimingi na mfumo wa VVT-i unaobadili muda wa valvu kufunguka. Zote zina silinda nne na valvu 16. Mwenye Nissan, Mitsubishi au Benzi naye asiondoke, maana kuna mahali njia zetu zinaachana na nitapataja.

Msimamo wangu niuweke mapema. Pesa ya kwanza iende kwenye kupima. Usinunue oili, dawa wala injini kabla hujajua sauti inatoka wapi, na kama ni tapeti, yaani kikombe kinachosukuma valvu ifunguke, kabla hujaona namba za nafasi yake zimeandikwa kwenye karatasi.

Kwanza sauti zenyewe

Tapeti iliyolegea hutoa sauti kavu na nyepesi kutoka juu ya injini, chini ya tapeti kava. Inakwenda na kamshafti, shafti inayosukuma tapeti, ambayo huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Gari likiwa sailensa, limesimama bila kukanyagiwa mafuta, kwenye mizunguko 700 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 350, yaani karibu mara sita kwa sekunde. Ukiongeza resi, sauti inaharakisha sambamba na injini. Asubuhi ipo, na safari ikiisha bado ipo.

Manifoldi ya ekzosi inayovujisha inaweza kutoa tik-tik ile ile, na nadhani hii ndiyo inayowapotosha watu wengi kuliko zote. Gesi inapenya kwenye gasketi iliyoungua, kwenye stadi iliyokatika au kwenye ufa wa chuma chenyewe, na kila silinda husika inapotoa moshi inapiga pigo moja. Dalili yake kubwa ni kwamba injini ikiwa ya baridi inasikika sana, kisha chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajibana na sauti inapungua au inapotea. Tafuta masizi meusi mahali manifoldi inapokutana na silinda hedi. Kwenye 5A-FE manifoldi ya ekzosi iko mbele, upande wa rejeta, kwa hiyo tochi na macho vinatosha ukishaondoa bati la kuzuia joto. Kwenye 1NZ-FE iko nyuma, upande wa kabini, mahali ambapo fundi mvivu hataki kupeleka mkono. Lichunguze na bati lenyewe la joto: bolti zake zikiliwa na kutu, linatetemeka na kuigiza ugonjwa mkubwa.

Plagi ambayo haikukazwa vizuri inafanana na manifoldi kwa sauti, kwa sababu nayo inapitisha gesi. Chomoa koili au waya, angalia shimo la plagi. Ukikuta weusi wenye mafuta umezunguka shingo ya plagi, umeshapata jibu bila kununua kitu.

Nozeli nazo zinalia. Ni vali ndogo za umeme za kupulizia mafuta, zinazofunguka na kufunga, na mlio wake mwepesi wa haraka ni wa kawaida kabisa. Gari la zamani likipoteza zulia la boneti au likiondolewa kava la plastiki la juu, mwenyewe anaanza kuusikia na kudhani umeanza jana.

Kwenye 1NZ-FE kuna cheni. Tensheni yake, kifaa kinachoikaza, inasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo gari lililolala usiku kucha linaweza kukwaruza kwa sekunde moja mbili linapowaka, kisha likanyamaza presha ikifika. Ikiendelea zaidi ya hapo, cheni imerefuka au tensheni imechoka. 5A-FE haina cheni, lakini ina jambo lake: mkanda unazungusha kamshafti moja, na hiyo inaizungusha nyingine kwa gia. Gia hiyo ina gia ndogo pacha yenye springi ya kuondoa ulegevu. Fundi aliyewahi kufungua kamshafti bila kuifunga gia pacha kwa bolti yake anaweza kuacha mlio ambao kuseti tapeti hakutauondoa kamwe.

Sauti ya mwisho ndiyo ya kuogopa. Beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikiwa imekwisha inagonga: ko-ko-ko, nzito, kutoka chini, na inazidi unapobeba mzigo au unapopanda mlima. Hii usiiweke kundi moja na tik-tik. Ukiendelea kuendesha, konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku, na hapo hata uamuzi wa kufanya overhauli, yaani kuifungua injini na kuijenga upya, unakuwa umeshapita.

Jaribio linalotenganisha sauti hizi

Bisibisi ndefu iliyowekwa ncha kwenye chuma na mpini sikioni, au kipande cha mpira wa maji, vinakusaidia kujua eneo. Lakini chuma kinasafirisha sauti, na mara nyingi utaisikia kila mahali. Jaribio ninaloliamini zaidi ni hili: zima gari, chomoa plagi ya umeme ya nozeli ya silinda moja, washa, sikiliza kwa sekunde chache, zima, rudisha. Fanya hivyo kwa silinda zote nne. Injini itatetemeka kwa sababu silinda moja haifanyi kazi, na taa ya injini inaweza kuwaka. Usijali kwa muda huo mfupi.

Silinda ikikosa mafuta, mlipuko hakuna. Sauti inayotegemea mlipuko itabadilika: kugonga kwa konrodi kutapungua sana, mvujo wa manifoldi au wa plagi utapungua. Mlio wa nozeli yenyewe utakatika palepale. Tapeti haitajali, kwa sababu kamshafti inaendelea kuisukuma mafuta yawepo yasiwepo. Kwa hiyo sauti isiyobadilika hata kidogo kwenye silinda zote nne, inayotoka juu, ndiyo ya kupelekwa kwenye fila geji, majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi.

Wako mafundi wanaochomoa waya wa plagi huku injini inaunguruma. Utapigwa shoti, na mafuta yasiyoungua yanaenda moja kwa moja kwenye katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi, na kuiharibu. Kuchomoa nozeli ni salama zaidi na kunakupa taarifa nyingi zaidi.

Tapeti ya oili na tapeti ya chuma

Hapa ndipo njia zinaachana. Injini nyingi za Mitsubishi za familia ya 4G63, Nissan SR20DE na Mercedes-Benz M111 zina tapeti zinazojirekebisha zenyewe kwa oili. Ndani yake mna pistoni ndogo, springi na kivalvu cha kuzuia oili isirudi. Oili ikipungua, ikichafuka au ikijaa hewa, pistoni ile inakosa nguvu, nafasi inafunguka na tik-tik inaanza. Kwa injini hizo, kubadili oili na filta bora ni tiba kamili kwa magari mengi, na hata dawa ya kusafisha ina kazi ya kufanya.

5A-FE na 1NZ-FE hazina kitu hicho. Tapeti zake ni vikombe vya chuma kitupu. Kati ya kamshafti na kikombe kuna nafasi iliyopimwa, na nafasi hiyo ikizidi, hakuna kimiminika kitakachoijaza kudumu. Vivyo hivyo kwa 3S-FE ya Noah na RAV4 za zamani, 1ZZ-FE, na dizeli za Hiace za 3L na 5L.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuza dawa ni moja: kwenye injini yangu, dawa hii inaongeza unene wa chuma gani?

Oili nzito au oili inayostahili

Kabla ya kubishana kuhusu unene, angalia kijiti. Gari liwe mahali tambarare, limezimwa dakika kadhaa. Oili ikiwa chini ya alama, sehemu za juu ndizo za kwanza kukosa. Ikizidi alama nako ni tatizo: krenki inaichapa na kuifanya povu, na povu halishiki presha. Hili linatokea zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu 1NZ-FE huchukua lita 3.7 ukibadili pamoja na filta, ilhali galoni ya dukani ni ya lita 4 na fundi anaimimina yote, tena juu ya masalia ambayo hakuyaacha yachuruzike.

Sasa unene. Namba ya mwisho kwenye galoni inaeleza oili ikiwa ya moto. Kwa kipimo cha SAE kwenye nyuzi joto 100, daraja la 30 liko kati ya sentistoki (cSt) 9.3 na 12.5, na daraja la 50 liko kati ya 16.3 na 21.9. Tofauti ni kubwa. Oili nzito inaacha utando mnene kati ya kamshafti na tapeti, pigo linalainika na sauti inapungua. Kwa hiyo aliyekushauri hakudanganya kuhusu alichokisikia.

Kwenye 5A-FE iliyochoka, katika joto la Dar, kutoka 10W-30 kwenda 15W-40 au hata 20W-50 ni jambo ninaloweza kulikubali. Injini ile ilitengenezwa enzi za oili hizo. Kwenye 1NZ-FE siafiki. VVT-i inageuza kamshafti ya valvu za kuingiza kwa presha ya oili inayopita kwenye vali ndogo na chujio dogo sana. Oili nzito inachelewa kufika, hasa asubuhi, na tensheni ya cheni nayo inasubiri oili hiyo hiyo. Umenunua ukimya wa tapeti kwa kuichelewesha cheni. 5W-30 nzuri, au 10W-30, inafaa zaidi, na kama injini inakula oili, ongeza kila inapopungua badala ya kuigeuza uji.

Kama una shaka na presha, kuna kipimo. Fundi anafungua swichi ya taa ya oili na kufunga geji mahali pake. Kwa injini za familia ya A kama 5A-FE, ikiwa ya moto, presha ya sailensa isipungue 49 kPa, na kwenye mizunguko 3000 iwe kati ya 245 na 490 kPa. Namba zikiwa chini ya hapo, habari ya tapeti iweke pembeni kwanza, kwa sababu pampu, chujio la sampu (bakuli la oili chini ya injini) au beringi za krenki ndizo zinazoomba msaada. Nina imani kubwa na jaribio hili, na linashangaza jinsi lilivyo nadra kwenye gereji zetu wakati geji yenyewe ni kifaa kidogo kinachotumika miaka.

Dawa ya kumimina

Ziko za aina mbili. Ya kwanza inaongeza unene, na hiyo ni oili nzito kwa jina lingine, kwa bei ya juu zaidi kwa ujazo. Ya pili inayeyusha uchafu, unaimimina kabla ya kumwaga oili ya zamani. Kwenye injini ya tapeti za oili iliyotunzwa wastani, ya pili inaweza kufungua kivalvu kilichoganda. Kwenye injini ambayo ilipitisha miaka bila kubadilishiwa oili kwa wakati, siipendi kabisa: tope linang'oka kwa mabonge, linakwenda kukaa kwenye chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu, na taa nyekundu inawaka ukiwa barabarani. Injini ya namna hiyo isafishwe polepole kwa kubadili oili ya kawaida mapema, mara mbili au tatu mfululizo.

Kuseti tapeti

Kama jaribio la nozeli limekuelekeza juu, na presha ya oili ni nzima, hapa ndipo pesa iende. Kipimo kinachukuliwa injini ikiwa baridi, kwa hiyo gari lilale gereji au ulipeleke alfajiri na kuliacha lipoe. Kwa 1NZ-FE, nafasi ya valvu za kuingiza iwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, na za kutolea moshi kati ya 0.25 na 0.35. Kwa 5A-FE zinafanana na hizo. Milimita 0.20 ni kama karatasi mbili za daftari zilizowekwa pamoja, na ndani ya unene huo ndimo mgogoro mzima ulimo.

Fundi anayejua utamwona anafanya hivi. Anafungua tapeti kava, anafuta oili kwenye kamshafti, anazungusha krenki kwa spana kubwa hadi alama ya puli ikae kwenye sifuri na silinda ya kwanza iwe kwenye kompresheni. Hapo anapima valvu za kuingiza za silinda ya 1 na 2, na za kutolea moshi za silinda ya 1 na 3. Kisha anazungusha krenki mzunguko mmoja kamili, anapima za kuingiza za 3 na 4, na za kutolea moshi za 2 na 4. Jani la fila geji linaingia kwa kusuguasugua kidogo, halilazimishwi wala halielei. Kila namba anaiandika. Zikifika 16, kazi ya kupima imekwisha na sasa mnaweza kuongea bei.

Fundi anayezungusha injini kwa kuwasha stata huku anapima kwa macho, au anayesema hii imelegea bila kutaja namba, mshukuru uondoke.

Kurekebisha kwenyewe ni hesabu nyepesi. Chukua nafasi uliyopima kwenye valvu ya kuingiza, toa 0.20, jumlisha na unene wa shimu iliyopo, kipande cha chuma kinachojaza nafasi hiyo. Kwa valvu ya kutolea moshi toa 0.30. Tuseme valvu ya kuingiza imepimwa 0.34 na shimu iliyotoka ina 2.70. Imezidi kwa 0.14, kwa hiyo inahitajika 2.84. Shimu za 5A-FE zinauzwa kuanzia 2.50 hadi 3.30, zikipishana kwa 0.05, hivyo utachukua 2.85 na nafasi itabaki 0.19. Safi kabisa. Shimu ya zamani ipimwe kwa maikromita, isiaminiwe namba iliyochapwa, maana inafutika na chuma kinalika.

Tofauti ya injini zetu mbili inajitokeza hapa. Shimu ya 5A-FE ni kisahani kinachokaa juu ya kikombe. Kuna kifaa maalumu cha kubonyeza kikombe ili kisahani kichomolewe na sumaku, na hata fundi akiamua kufungua kamshafti, kazi haitoki nje ya uwezo wa gereji ya mtaani. Tena shimu zinabadilishana: iliyokuwa nene kwenye valvu moja inaweza kufaa nyingine, ukajikuta unanunua chache tu.

1NZ-FE haina kisahani. Unene umo kwenye kikombe chenyewe, na vikombe vipo vya saizi 35, kuanzia 5.060 hadi 5.740, vikipishana kwa 0.020. Ili kukitoa lazima kamshafti itoke, na ili kamshafti itoke lazima cheni iachiwe na kushikiliwa isidumbukie wala isiruke jino. Hesabu ya kikombe kipya ni ile ile, lakini kazi ni ndefu na kupata saizi kamili dukani ni mtihani. Hapo huwa nashauri hivi: kama ni valvu moja au mbili zimezidi kwa 0.02 au 0.03, iache, pima tena baada ya kilomita elfu ishirini. Kama zimezidi mno, fanya, na siku hiyo hiyo angalia cheni na tensheni kwa kuwa umeshafika.

Gasketi ya tapeti kava inunuliwe mpya kila mara. Oili ikivuja kwenye manifoldi ya moto inaungua na kutoa moshi, na kwenye mashimo ya plagi inaharibu koili.

Nafasi inayobana haina mlio

Watu wanaogopa tapeti inayopiga kelele, lakini kwa afya ya injini iliyolegea kidogo ina nafuu kuliko iliyobana. Kadiri valvu ya kutolea moshi inavyokaa ndani ya kiti chake kwa kulika, ndivyo nafasi yake inavyopungua. Mlio unatoweka, mwenye gari anafurahi. Nafasi ikifika sifuri valvu haifungi sawasawa, haipati kiti cha kupoozea joto lake, inaungua ukingo, kompresheni inashuka, gari linaanza misi, yaani silinda inakosa kuwaka. Hapo silinda hedi lazima ishuke.

Kwa walioweka mfumo wa gesi asilia, jambo ambalo Dar limekuwa la kawaida kwa teksi na magari ya biashara, hili liwahusu zaidi. Gesi haina ubichi wa petroli wa kupoza valvu, na viti vya valvu vinalika haraka zaidi. Kwenye gari la gesi ningepima nafasi za valvu hata kama halina mlio wowote, na ningezilenga upande wa juu wa kipimo, 0.33 au 0.35 kwa za kutolea moshi, ili zipate muda wa kulika.

Overhauli au injini ya Japani

Nazitaja hizi mbili pamoja kwa sababu zinahusu sauti moja tu kati ya zote tulizozitaja, ile ya konrodi, na labda pistoni iliyolegea inayogonga baridi hadi ipate moto. Kubadili injini nzima kwa sababu ya tik-tik ya juu ni hasara ambayo sioni utetezi wake.

Ikiwa kweli chini kumekwisha, 5A-FE naielekeza kwenye injini ya Japani mara nyingi. Overhauli nzuri inataka krenki ichongwe kwa usahihi, beringi za saizi halisi, ringi, gasketi zote na fundi asiye na haraka, na ukijumlisha mara nyingi unaikaribia bei ya injini iliyotoka kwenye gari lililokatwa Japani. 1NZ-FE nayo inapatikana kwa wingi kwa kuwa magari yake yalikuwa mengi. Lakini overhauli ina jambo moja ambalo injini ya mtumba haina: unajua ndani kuna nini.

Injini ya mtumba ikaguliwe ikiwa bado chini, Gerezani kwa wenyeji wa Dar, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi. Fungua kifuniko cha oili na utazame rangi ya kamshafti: chuma chenye rangi ya asali kimetumika kwa amani, chenye tope jeusi kimenyimwa oili. Zungusha krenki kwa mkono uone kama inapita bila kukwama. Omba tapeti kava ifunguliwe upime nafasi za valvu papo hapo, kwa kuwa hakuna wakati rahisi zaidi ya huo. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.

Na namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini, taarifa zirekebishwe TRA, na kwa Kenya NTSA, ukiwa na risiti ya ulikonunua. Aliyeruka hatua hiyo hugundua siku anauza gari.

Ningechagua nini kwa gari lipi

Corolla ya 5A-FE yenye tik-tik asubuhi na jioni, isiyobadilika ukichomoa nozeli: kuseti tapeti, bila kusita. Ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo katika injini hii, na ni kazi ya siku moja.

IST yenye mlio mdogo wa juu, inayovuta vizuri na kula mafuta kawaida: oili sahihi, filta halisi yenye kizuizi cha kuzuia oili isirudi, kijiti kisizidi alama, kisha kupima. Vikombe vinunuliwe pale tu karatasi ya vipimo inapolazimisha.

Gari lolote ambalo sauti yake inapotea likipata moto: tochi kwenye manifoldi kabla ya yote. Gasketi na stadi mpya, na kwa ufa mdogo mchomeleaji anayejua chuma cha kuyeyushwa. Asiyekijua atauziba leo na utafunguka tena pembeni ya alipochomelea, kwa hiyo kama ipo manifoldi nzima ya mtumba, chukua hiyo.

Teksi isiyoweza kulala gereji hata siku moja, yenye 5A-FE: oili ya 15W-40 iwekwe leo ili kazi iendelee, na tarehe ya kupima tapeti ipangwe kabla ya oili hiyo kumwagwa. Mlio ukiwa unapungua kwa oili nzito, nafasi ya valvu bado ni ile ile.

Gari linalogonga kutoka chini, sauti ikizidi kwenye mzigo na kupungua ukichomoa nozeli moja: lizimwe hapo lilipo na livutwe hadi gereji, hata kama ni kilomita mbili. Krenki ambayo haijachanika inaweza kuchongwa. Iliyochanika inakuachia injini ya Japani peke yake.